Kadi Yangu Haionekani

Jumatatu, 8 Oktoba 2001

Nimerudi Korogwe kutoka Handeni. Kadi ninayo! Nimeisafirisha ndani ya soksi, maana kwenye basi la Korogwe hakuna abiria, ni wapelelezi watupu.

Hali ni hii. Shangazi Mashavu ametoa amri: ile fremu yake ya duka hapa stendi aliyonipa mwaka jana isipokuwa na biashara ya maana kufikia Jumamosi, ufunguo anampa Grasiana. Grasiana! Fundi cherehani wa barazani kwangu, anayeshona sare za shule na kujua habari za kila mtu. Nchi nzima imefunguliwa, kila mtu anafanya biashara anayotaka, halafu shangazi anataka kaptula zikae ndani na mimi nikae nje.

Mimi nina kompyuta. Niliipata Mpale, mradi wa wazungu ulipokwisha na wenyewe wakarudi kwao. Nina pia gemu la mpira. Vijana wote wa Korogwe watakuja kucheza kwangu, banda la video litafungwa. Kikwazo ni kimoja tu: gemu linadai kadi ya picha, kile kibao kinachochomekwa ndani ya kompyuta ili skrini ionyeshe picha nzito, bila hiyo halifunguki.

Keriako, Mmasai anayeuza matumbo ya kompyuta gulioni Handeni, aliniuliza nataka kadi gani. Watu walikuwa wengi. Nikasema kadi tu. Akauliza tena, kadi ya nini? Nikamkonyeza. Akaniuliza kama nimeingiwa na mdudu jichoni. Nikamwambia mfanyabiashara mwerevu haulizi mara mbili. Akatia mkono kwenye gunia, akatoa ya kwanza aliyoigusa. Hivi ndivyo sisi watu wazito tunavyonunua vitu.

Jumanne, 9 Oktoba

Nimeichomeka. Kompyuta haijaiona kadi. Nimezima, nimewasha, haijaiona. Badala yake inaleta kidirisha cha Kiingereza: eti imegundua modemu mpya, niendelee? Modemu ni dude la kuunganisha kompyuta na waya wa simu. Simu yenyewe sina! Nikabonyeza hapana. Kikarudi. Hapana. Kikarudi. Ukaidi wa namna hii sijauona hata kwa Grasiana.

Kadi yenyewe ina tundu dogo la mraba pembeni. Waya wa skrini hauingii hapo, hata ukilazimisha. Nadhani ni la kupitishia hewa. Waya nimeurudisha ulipokuwa.

Grasiana alichungulia mlangoni akauliza nagonga nini tangu asubuhi. Nikamjibu kwa mkato kwamba kadi yangu haijaonekana, na asimwambie mtu. Akaahidi kwa kiapo. Sasa nimetulia.

Jumatano, 10 Oktoba

Nimeyasugua meno ya kadi kwa raba ya penseli. Nimeyapangusa kwa spiriti. Nimeihamishia kwenye nafasi ya pili, kisha ya tatu. Nimeipuliza mpaka nikaona nyota. Modemu! Modemu! Mwishowe nimebandika karatasi juu ya skrini, mahali pale kidirisha kinapotokea. Amani imepatikana, ila kadi bado.

Mchana akaja Shangazi Mashavu. Nikatoa shikamoo. Badala ya marahaba akanikumbatia. Amesikia nina kadi nazificha! Shangazi akisikia neno kadi anasikia harusi, hajui kadi nyingine duniani. Akataka kujua binti ni wa wapi na kwa nini nimemficha yeye aliyenilea. Ningemweleza ukweli, lakini cherehani ilikuwa imenyamaza nje na masikio ya Grasiana yalikuwa kazini. Nikasema yote yatajulikana Jumamosi. Akapiga kigelegele palepale stendi!

Suala la fremu hakuligusa hata kidogo. Sijamdanganya mtu. Nimenyamaza tu, tena kwa ufundi.

Alhamisi, 11 Oktoba

Nimemfuata Keriako nyumbani kwao Sindeni. Mama yake, Noonkipa, akanikaribisha kwa kikombe cha maziwa. Nikamshitakia Keriako kwamba kadi yake haionekani. Akauliza kompyuta inasemaje. Nikakataa kumwambia, maana akijua ataniiga. Akaishika, akaitazama, akacheka, akasema mbona hii ni kadi ya simu, kwani mimi nilitaka ya nini?

Kadi ya simu! Ananiona mimi mshamba! Kadi ya simu ni ile ndogo ya kukwangua, unapata namba, unaongea. Nimewahi kuikwangua kwa mikono yangu mwenyewe, kwenye simu ya shemeji. Nikamwambia uongo huo akawadanganye ng'ombe wake. Noonkipa akaniondolea kikombe kabla sijamaliza. Sindeni hawana ukarimu.

Ijumaa, 12 Oktoba

Kamati imeundwa. Natoka msikitini, nakuta ndugu wamejaa kwa shangazi. Mwenyekiti ni Mzee Athuman, kaka yake mkubwa. Wanabishana kuhusu pilau. Binamu yangu Rukaya ameshachagua rangi ya sare. Bwana harusi hakuulizwa lolote, ila aliombwa asogeze kiti.

Nilitaka kusema. Nikaogopa. Naandika wazi kwa sababu hapa hasomi mtu: niliogopa. Lakini mpango upo. Kesho kadi itaonekana, vijana watajaa, shangazi ataona biashara na harusi ataisahau.

Jumamosi, 13 Oktoba

Walikuja wote. Vijana wamefuata gemu, ndugu wamefuata kadi. Nikawasha. Skrini ikapata joto, karatasi ikabanduka, na kidirisha kikajitokeza mbele ya umati: modemu mpya, niendelee? Vijana wakaguna, wakavuka barabara kwenda banda la video. Wasio na subira!

Shangazi akasema mpira si kitu, sasa tuonyeshe kadi. Sikuwa na pa kukimbilia. Nikaichomoa, nikaitoa. Mzee Athuman akaipokea kwa mikono miwili. Akavaa miwani. Akaigeuza huku, akaigeuza kule, akitafuta jina la bibi harusi. Akauliza kwa upole mbona hata tarehe haipo.

Nikaeleza. Nilieleza vibaya.

Shangazi hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema tu kwamba jana usiku alimwombea dua marehemu mama yangu na kumwambia mwanawe sasa ametulia. Kisha akampa Grasiana ufunguo. Hilo la mama liliniuma kuliko la ufunguo. La ufunguo nalo liliniuma sana. Cherehani imeingia ndani. Kompyuta na mimi tuko barazani.

Jumapili, 14 Oktoba

Nimetafakari kwa kina. Kosa ni la kompyuta, la Keriako, la Kiingereza na la mdomo wa Grasiana. Kwangu sijaona.

Asubuhi alipita kijana mmoja anaitwa Kaleb. Anafungua huduma ya intaneti hapahapa stendi. Fremu anayo, pana kuliko ile ya shangazi. Waya wa simu umeshavutwa. Amekwama kwa kitu kimoja tu: modemu. Anasema mwenye nayo atamfanya mshirika na kumkatia nusu ya fremu aweke biashara yoyote. Tena ana kadi za picha zimelala kabatini, hajui azifanyie nini, atamwongezea. Akaniuliza kama ninayo.

Hapo nikaishika vizuri kadi yangu mfukoni, asije akaiona akajua mipango yangu. Nikamjibu kwamba modemu sina, sijawahi kuwa nayo, na wala siitaki. Akashukuru, akasema basi anapanda gari kwenda Mkumbara kuitafuta.

Mkumbara! Nimecheka mpaka Grasiana akatoka ndani kuniangalia. Masikini, kuna watu wanazunguka mkoa mzima na hawajui hata kitu wanachokitafuta kinafananaje.