Kiboksi Changu Hakimfuati Mtu

Jumatatu, 9 Juni

Mkuu wa karakana anastaafu. Bosi katangaza asubuhi, mikono mifukoni, kwamba Ijumaa atamtaja wa kumrithi. Tunaotazamwa ni wawili. Mimi, miaka kumi na tisa ndani ya ovaroli hii. Na Dada Miwani, miaka miwili tu, aliyetoka kutengeneza kompyuta za maofisini, na ambaye hunawa mikono kabla ya kazi. Kabla!

Tatizo dogo. Jana nilimwambia mama mkwe kwenye simu kwamba cheo nimeshapata. Neno liliniponyoka tu mdomoni. Alikuwa anamsifu mume wa binti yake mwingine, na mimi nami nina moyo wa nyama. Atakuja Ijumaa saa nane mchana kuniona nimekaa ofisini. Mke wangu kasema shauri yangu, yeye hayumo.

Basi lazima nikipate. Nafasi imejileta yenyewe: gari la mkunga, jipya, kamera ya nyuma imekufa. Masikini anarudi kinyumenyume vichochoroni na mama mwenye uchungu ndani. Bosi katukabidhi mimi na Dada Miwani. Hakusema ni mtihani, lakini alitutazama kimtihani.

Jumanne, 10 Juni

Magari ya siku hizi yana mtandao wao ndani. Kamera, breki, taa, vyote vinazungumza kwa nyaya mbili zilizosokotana. Ukiuunganisha mtandao huo na laptop, unaona mazungumzo yamekatikia wapi. Dada Miwani kasema tusubiri kiboksi cha kubadilisha, maana kebo za mtandao wa ofisini zina nyaya nane na hazielewani na za gari. Kinafika kesho.

Kusubiri! Alipokwenda chai nikakata kebo moja iliyolala tu ukutani. Nikachagua nyaya mbili zenye sura nzuri, wa rangi ya chungwa na mwenzake, nikaziunga kwenye gari. Kimya. Nikajaribu za kahawia. Kimya. Nikaunga zote nane kwenye zile mbili, nikidhani zikiwa nyingi zitasikika zaidi. Wapi!

Kebo haikuwa imelala. Ilikuwa ya Bosi. Katoka mbio akiuliza nani kaua intaneti. Sote tukatazama dari, mimi zaidi ya wote. Dada Miwani kafunga kichwa kipya cha kebo kwa dakika kumi na hakuuliza kitu. Bora angenitukana.

Jumatano, 11 Juni

Kiboksi kimefika. Ukubwa wa kipande cha sabuni. Upande mmoja zinaingia nyaya mbili za gari, upande wa pili kebo ya kawaida inayokwenda kwenye ruta ya ofisi na laptop. Dada Miwani alisoma karatasi ya maelezo mwanzo hadi mwisho. Mimi sisomi karatasi.

Pembeni kina kijino cha kusogeza. Huku ni kuongoza, huku ni kufuata. Yeye kasogeza kwenye kufuata! Nikamuuliza kiboksi chetu kimfuate nani. Kasema gari. Eti gari ndilo linaloongoza, na viwili vikiongoza havisikilizani. Kasema hivyo mbele ya fundi rangi, naye akacheka. Miaka kumi na tisa sijawahi kulifuata gari, ukiacha lile lililoteremka kilima lenyewe, na siku ile nilisahau tu breki ya mkono.

Alipokwenda kunawa nikakisogeza kwenye kuongoza. Juu ya kijino nikabandika stika ya MALI YA KARAKANA. Halali kabisa. Bosi anapenda vitu vyenye stika. Taa ya kijani ya kiboksi, ya kuonyesha kwamba vinasikilizana, haikuwaka. Dada Miwani kapima nyaya mchana kutwa, nami nilimsaidia kwa kuguna. Mpango: akisalimu amri, natoa stika, narudisha kijino, taa inawaka, na mimi huyoo ofisini.

Alhamisi, 12 Juni

Kasalimu amri! Saa nne asubuhi, mbele ya Bosi na mkunga mwenyewe, kasema ameshindwa, pengine mimi mwenye uzoefu nijaribu. Nikawaomba wote wageuke, kwamba napenda utulivu. Nikabandua stika.

Stika zetu ni imara. Niliziagiza mimi. Ilitoka na kijino.

Kipande kilichobaki kimezama ndani, upande wa kuongoza. Hakishikiki kwa kucha, hakishikiki kwa bisibisi. Jasho lilinitoka hadi magotini. Nikamwambia Bosi kiboksi kimetoka kiwandani kibovu. Dada Miwani kakichukua. Katazama tundu. Katazama stika iliyoning'ang'ania kidoleni, na kijino katikati yake. Katoa pini kwenye nywele, kasukuma, taa ya kijani hiyo! Dakika tano, laptop ikaonyesha mazungumzo yanakatikia mlango wa nyuma, waya umebanwa na bawaba. Mkunga kapiga vigelegele na kumkumbatia. Mimi nilipewa laptop niishike.

Ijumaa, 13 Juni

Mkuu mpya wa karakana ni Dada Miwani. Nilipiga makofi. Mikono ilikuwa mizito.

Saa nane kamili mama mkwe huyo mlangoni, kajipamba kama anakwenda harusini. Nikajificha nyuma ya matairi. Aibu ilinijaa mpaka masikio yakawaka. Nikamsikia Dada Miwani akiinuka kwenye kiti cha mkuu, akimkaribisha mama akikalie yeye, akimwambia kwamba hapa kila gari gumu lazima lipite mikononi mwangu. Akaniita kwa sauti. Fundi wetu, alisema. Nilitoka nikiwa nimeazimia kumwomba radhi palepale, niseme yote, ya kebo na ya stika, mama mkwe asikie. Nikafungua mdomo.

Mama mkwe kaniwahi. Kauliza kwa nini yule binti mpole alikuwa amekaa kwenye kiti changu.

Jumamosi, 14 Juni

Nimefikiri sana. Dada Miwani ni mtu mwema, nami nimemkosea. Nimeamua kubadilika. Kuanzia Jumatatu, ukweli mtupu.

Ila kuna lile jibu la jana. Nilimwambia mama mkwe kwamba yule binti namfundisha kazi, kwa sababu mimi nimepandishwa tena, sasa nasimamia matawi yote. Alifurahi hadi machozi. Kaomba Jumatano nimtembeze kwenye matawi matatu tu, asije akachoka.

Karakana yetu haina tawi hata moja. Jumatatu asubuhi namwambia Dada Miwani afungue, hata mawili yatatosha. Ana siku mbili nzima.