Herufi Mbili za Kinshasa

Jumatatu, 7 Oktoba 2024
Nimefungua biro, ofisi yangu mwenyewe. Meza moja, viti viwili, kwenye kibaraza chetu hapa Kasulo, Kolwezi. Kibao: KANYINDA, MTAALAMU WA PESA ZA NG'AMBO. Nimesoma Jumapili nzima kwenye simu. Swift ya benki, ile alama ya kupokelea pesa za ng'ambo, ni herufi nane: nne za benki, mbili za nchi, mbili za mji. Basi. Watu wanaogopa bure.

Mteja wa kwanza: Mama Domitille, mzazi wa Micheline wangu (bado hajui kuwa ni wangu). Upepo umeondoa nusu ya paa lake. Mwanawe René, aliye Liège, anatuma pesa za mabati. Mama akasema atakayemletea paa kabla ya mvua, huyo anajua kutunza mtoto wa watu. Nimeelewa.

Jumanne, 8 Oktoba
Henri, karani wa gishe ya benki, ambaye naye anamtazama Micheline kupita kiasi, amempa mama karatasi yenye swift. Nimeikagua. CD, nchi yetu, sawa. Herufi za mji: za Kinshasa. Shaba yetu inakwenda huko hairudi, sasa na mabati ya mama yapitie huko? Nimezifuta. Nimeandika KZ, Kolwezi. Mama akauliza kama nina hakika. Nikamwambia pesa itakuja huku moja kwa moja, batu ba Kinshasa hawataiona hata kivuli. Akanibariki. Tumemtumia René swift hiyo.

Ijumaa, 11 Oktoba
René amepiga simu. Benki ya huko inasema swift hiyo haipo duniani. Pesa haijatoka. Nimeeleza kwamba mashine za Ulaya bado hazijaijua Kolwezi.

Henri akaja kunifundisha mbele ya mtaa mzima. Eti swift hutolewa na benki, mtu hajitungii. Ile ni ya makao makuu, na pesa humfikia mwenyewe kwa namba ya akaunti. Ana viatu vipya. Mama aliangalia mawingu tu.

Jumapili, 13 Oktoba
Mvua. Nimesimama juu ya kiti mchana kutwa, nimeshika turubai juu ya kitanda cha mama. Micheline hakunishukuru. Aliniambia niinue zaidi. Nimeona haya, kweli kabisa, mpaka saa kumi hivi.

Jumatano, 16 Oktoba
Pesa imefika, kwa karatasi ya Henri. Henri yuko juu ya paa na nyundo. Micheline anampa misumari, mmoja mmoja, bila haraka. Mama amenitumia sahani ya bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, akaagiza nisikasirike, nile tu. Nimekula. Uchungu ulikuwepo, lakini sombe ilikuwa nzuri.

Alhamisi, 17 Oktoba
Mteja mpya! Tata Kalumba, mfanyabiashara wa mahindi kutoka Sandoa. Mnunuzi wake yuko ng'ambo. Swift ya benki ya Tata nayo ina zile herufi za Kinshasa. Nikamuuliza mahindi yamelimwa wapi. Akasema Sandoa. Nikachukua kalamu.

Kosa la juzi nimeligundua: Kolwezi ina kelele nyingi za migodi. Sandoa ni mji mtulivu, mashine itauona. Nimeandika SA.

Tata Kalumba ana binti, Fidélie. Nimeuliza pia kuhusu nyumba yao. Ina paa zima.