Injinia wa Kuzidisha Tokeni

Ilikuwa Ijumaa asubuhi, saa tatu na dakika chache, Elphas Muturi alipomsikia mwanamke akigombana na dirisha. Tuseme haki: aligombana na muuzaji wa tokeni za umeme aliyekaa nyuma ya dirisha, lakini muuzaji mwenyewe alikuwa ametulia kuliko kioo.

"Mita yangu inakimbia!" mwanamke alisema. "Jumanne nimeweka tokeni ya elfu moja, leo zimebaki yuniti mbili. Vifaranga wangu mia mbili wanatetemeka huko Pipeline. Kwani hiyo stima nainywa?"

"Mathe, mimi nauza tu. Sema namba ya mita."

Akaitaja tarakimu moja moja, kwa sauti ya mtu anayesoma majina ya waliofeli mtihani. Nyuma yake kwenye foleni, Elphas akaiandika kiganjani.

Elphas hakuwa mwizi. Mwizi huchukua, Elphas alikuwa akipewa. Alikuwa na kofia ngumu ya manjano, jaketi yenye mistari ya kung'aa, na kalamu nne mfukoni, mbili zikiwa hazina wino. Alichokosa ni pikipiki. Ilikuwa nyuma ya lango la Kipkemei, aliyemkopesha pesa akaishika rehani, na Kipkemei alikuwa ameapa kuiuza siku hiyo saa kumi na mbili jioni asipoletewa elfu ishirini. Elphas alikuwa na elfu saba. Bila pikipiki, tapeli hufika kazini kwa miguu na, jambo la kuhuzunisha zaidi, huondoka kwa miguu.

Akajitenga kando, akanunua kwa simu tokeni ya mia tano ya mita ile ile. Ujumbe ukaja na tarakimu zake ishirini. Akazinakili kwenye kijitabu na juu yake akaandika kwa herufi kubwa: NAMBA YA SIRI.

Baada ya saa moja, akiwa amemfuata kwa mbali, alikuwa langoni kwa yule mwanamke, ambaye jina lake ni Chelagat.

"Habari, mama. Tunakagua mita zinazokimbia."

"Nani amewaambia yangu inakimbia?"

"Mita yenyewe." Akaigonga kwa kalamu, akatega sikio kama daktari. "Sikia inavyohema. Lakini kampuni imeona aibu. Wateja wachache, kimyakimya, wanazidishiwa tokeni mara mbili ili wafidiwe. Ngoja nikuonyeshe kwa pesa yangu mwenyewe."

Akanunua tokeni nyingine ya mia tano mbele yake, akabonyeza tarakimu zote ishirini. Mita ikalia pii, yuniti zikapanda. Kisha akafungua kijitabu na kubonyeza ile namba ya siri, polepole, kwa uchaji wa padre kwenye altari. Pii tena. Yuniti zikapanda vilevile.

Chelagat akaitazama mita, akakitazama kijitabu, akazitazama zile kalamu nne.

"Namba ya siri ni ndefu," akasema.

"Siri ni kubwa, mama."

"Na nikitaka ya elfu ishirini?"

"Inarudi ya elfu arobaini. Unanipa pesa mkononi, napeleka ofisini, tokeni inaingia kwa simu yako kabla sijavuka barabara."

"Basi nikila peke yangu nitakuwa mchoyo. Tuna chama hapa, wamama sita, wote wa vifaranga. Kila mmoja hawezi kukosa hizo elfu ishirini. Lakini katiba yetu hairuhusu mtu kutoa pesa kwa jambo ambalo hajalishuhudia nyumbani kwake."

Elphas akapiga hesabu, na hesabu ikampiga. Sita mara elfu ishirini! Angeweza kukomboa pikipiki na kumnunua Kipkemei pamoja na lango lake.

"Niandikie namba za mita zao," akasema, "niwasajili."

Chelagat akaziandika kutoka daftari la chama, kwa furaha ambayo ingemtia shaka mtu mwenye akili ya kawaida. Elphas, ambaye akili yake haikuwa ya kawaida, aliomba aonyeshwe choo. Humo akanunua tokeni tano za siri, na akakawia hivi kwamba Chelagat alibisha kuuliza kama amchemshie mwarobaini.

Wakaanza ziara. Kwa Mama Natalie: pii, pii. Kwa Jepkemei: pii, pii, kisha chai na viazi vitamu. Kwa wengine watatu: pii, pii, na chai, maana hakuna nyumba iliyokubali injinia aondoke na koo kavu. Ilipofika saa kumi, mita sita zilikuwa zimezidishiwa, elfu saba zimekuwa elfu moja, na tumbo la Elphas limekuwa tangi.

Chama kikakaa sebuleni kwa Chelagat. Mgeni akaombwa afungue kwa maombi. Akaziombea mita, akawaombea vifaranga, akaiombea hata transfoma, na wamama wakaitika "Amina!" kwa nguvu iliyomfanya anuse harufu ya noti.

"Katibu, soma kumbukumbu," Chelagat akasema.

Jepkemei akakohoa. "Wanachama wanamshukuru Injinia Elphas kwa mchango wake wa tokeni kumi na mbili za mia tano. Mwisho wa kumbukumbu."

"Na zile elfu ishirini?" Elphas akauliza.

"Injinia," Chelagat akasema, kwa upole wa mwalimu wa zamu aliyekukuta nje ya ua, "mimi nimebonyeza tokeni kila wiki kwa miaka saba. Tarakimu ishirini zikiingia, mita ilie pii na yuniti zipande, sisi hapa Pipeline tunaiita tokeni. Wewe ndiwe unayeiita siri."

Kicheko kikatikisa vikombe.

"Basi nirudishieni!"

"Mita iko hapo nje. Toa."

Elphas akautazama mlango. Tangu stima ivumbuliwe, hakuna aliyewahi kuichota tokeni ikishaingia kwenye mita, na yeye, kwa kuwa injinia, alilijua hilo.

"Ama twende wote polisi," Mama Natalie akapendekeza, "utuelezee vizuri hiyo kofia ni ya kampuni gani."

Ilikuwa saa kumi na moja na nusu. Lilikuwa limebaki jambo moja: kumpigia Kipkemei na kumlilia. Elphas akatoa simu. Ilikuwa imenunua tokeni kumi na mbili tangu asubuhi. Ikamwonyesha mwanga mmoja hafifu, ikazimika.

Kwa mara ya kwanza siku hiyo akasema neno lisilo na uongo ndani yake.

"Mama, tafadhali. Naweza kuchaji simu?"

Chelagat akamwonyesha soketi ukutani, kando ya boksi ambamo vifaranga walikuwa wamelala chini ya taa nyekundu, wamenyamaza kwa raha.

"Chomeka tu, Injinia," akasema. "Kwani unaomba nani? Ni stima yako."