Naomba Motokaa Yangu Ikataliwe

Badawi bin Yeslam,
Duka la Kamba na Misumari,
Kisauni, Mombasa.
Alhamisi, 10 Januari 1963

Kwa Bwana Mkaguzi wa Magari

Bwana Mkaguzi Mheshimiwa,

Assalamu alaykum. Na kama wewe si mtu wa salamu hiyo, basi sabalkheri. Na kama barua itakufikia jioni, masalkheri. Nimezitanguliza zote tatu kwa sababu sipendi barua yangu iingie ofisini mwako kama mtu asiyepiga hodi.

Mimi ndimi mwenye ile motokaa nyeusi ya kizamani, ya milango minne, ambayo mlango wake mmoja ni wa kijani. Uliikagua Alhamisi ya tarehe 22 Novemba. Uliizunguka mara mbili, ukainama, ukatega sikio juu ya injini kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto, ukatabasamu, ukapiga muhuri. Bwana Mkaguzi, naandika kuulalamikia muhuri ule. Sisemi ulikosea. Ungalikosea ningalikusamehe siku ile ile, nikarudi zangu nyumbani kwa furaha. Shida yangu ni kwamba hukukosea.

Ili unielewe, niruhusu nikueleze jinsi motokaa hii ilivyonifikia. Miaka miwili iliyopita, Mzungu mmoja wa Nyali alikuwa akifunga mizigo yake kurudi kwao. Motokaa ilikuwa bandani kwake, kuku wanaatamia ndani, na haikuwa imetembea tangu siku za vita. Yeye aliutamani mlango wa nyumba yangu, mlango wa nakshi alioniachia marehemu babu. Tukabadilishana. Nikatoa mlango mmoja nikapata minne, na nilivyopiga hesabu niliona nimepata faida ya mitatu. Mke wangu, Bi Nadhira, aliitazama ikikokotwa na punda mpaka uani, akasema, "Ametoa mlango unaofunga, ameleta minne isiyofunga." Tukatundika gunia mlangoni mpaka seremala alipotuchongea mlango wa mbao za masanduku, ambao ndio tulio nao hata leo.

Fundi niliyempata ni Kahindi wa Thoya, mtu wa Kaloleni, Mkristo mwenye kushika dini yake, ambaye siku za kazi hutengeneza malori kule Changamwe. Alikuwa akija kwa baiskeli kila Jumamosi baada ya alasiri, spana zake ndani ya gunia. Ijumaa ni yangu, Jumapili ni yake, Jumamosi ilikuwa haina mwenyewe, basi tukaichukua sisi. Mimi nimesoma Kurani chuoni, na skuli nikaishia darasa la nne, spana sikuisomea. Alikuwa akiniambia, "Bwana Badawi, hiyo ni spana, si tasbihi. Ibane, haivunjiki." Nami humjibu kwamba tasbihi ingekuwa imeshanikubalia. Akisema wiki ijayo itanguruma, namwambia sema inshallah. Husema, "Inshallah, na petroli." Viti tulivijaza usumba wa nazi, ule ule wa kamba ninazouza, na Bi Nadhira akavishonea foronya za maua baada ya kukataa mara mbili. Rejeta ya maji ilivuja, tukaiziba, ikavuja pengine, tukaiziba na huko. Miaka miwili, Bwana Mkaguzi. Kisha ukapiga muhuri, na tangu hapo yamenifika haya yafuatayo.

1. Karibu. Motokaa ilipokuwa imesimama, mimi hukaa ndani yake baada ya sala, na kila apitaye njiani humwambia karibu, kama tulivyolelewa. Naye hujibu ahsante, nimekwisha karibia, akenda zake. Hakuna aliyepata hasara. Sasa nimeshika usukani, na mdomo wangu una desturi yake. Siku ya kwanza nilimwambia karibu mtu mwenye magunia mawili ya makaa. Akapanda. Siwezi kumwambia mtu kwamba karibu yangu ilikuwa ya adabu tu, na huku injini inanguruma. Siku ya pili nilimwambia Bi Mwanasaumu, jirani yetu mjane, naye alikuwa na mbuzi. Wakapanda wote wawili, na yeye akamtaka radhi mbuzi kwa ugumu wa kiti. Nilitoka kwenda ghalani kwangu, hatua mia mbili, nikajikuta kivukoni Mtwapa. Kuacha kusema karibu siwezi. Heri nikatwe ulimi. Kilichobaki ni kuisimamisha motokaa.

2. Suluhu. Hili si langu peke yangu, ni la Kisauni nzima. Kwa muda wote ule milango miwili ya nyuma ilikuwa ikifunguka kwa nje tu. Vishikio vya ndani vilikuwa vimeng'oka. Basi wakigombana watu, tulikuwa tukiwatia kiti cha nyuma, tunawafungia, tunawapa kahawa kupitia dirishani, na hatuwafungulii mpaka wapatane. Kombe na Boga, ndugu wa baba mmoja, walikuwa hawasemezani miaka sita kwa ajili ya minazi mitatu. Walikaa mle tangu adhuhuri, na kabla ya magharibi walikuwa wakilia na kushikana mabega. Kwa ajili ya ukaguzi wako Kahindi alitia vishikio vipya vya ndani. Wiki iliyopita Kombe na Boga waligombana tena, sasa ni juu ya nani alilia kwanza. Tukawatia. Boga akafungua mlango, akashuka, akenda zake. Bwana Mkaguzi, mji ambao kila mtu aweza kushuka wakati wowote utapatana vipi?

3. Udhuru. Kwa miaka miwili nilikuwa na udhuru mzuri kuliko wote walio nao wanaume wa pwani. Nikialikwa Likoni, nikialikwa Miritini, napeleka salamu na kusema, inshallah, motokaa ikikamilika. Watu wakiridhika, wengine wakinipa pole. Udhuru ule uliupigia muhuri. Bi Nadhira, ambaye alikuwa haitazami motokaa ila kwa jicho moja, sasa ameipokea kama binti yake wa kumzaa, na hukaa nyuma peke yake na buibui lake, ananiongoza njia kwa kunigonga bega. Kwa wiki saba nimehudhuria harusi tano, hitima mbili, na tohara ya mtoto ambaye mpaka leo sijamjua babake. Nilikula pilau yao, nikamwombea mtoto dua, nikaondoka.

4. Kibri. Nilipiga honi nyuma ya mzee aliyekuwa akitembea polepole kwenda msikitini. Moyo ukanisuta. Nikasimama, nikashuka, nikamwomba radhi. Akanisamehe. Kisha akapanda.

5. Hili ningeliweka la kwanza, lakini haya ilinishika, nikaona nilifikie kwa kuzunguka.

Siku uliyopiga muhuri, Kahindi alirudi nami uani. Akanawa mikono kwa mchanga na mafuta ya taa, akapanga spana zake kwenye gunia, akalifunga nyuma ya baiskeli. Akasema, "Basi Bwana Badawi, kazi imekwisha." Nikasema ahsante. Ndilo neno nililolipata. Miaka miwili ya Jumamosi, na mimi muungwana wa kuzaliwa, ninayemkaribisha mpaka mbuzi, nikasema ahsante nikafunga lango.

Hajaja tena. Zimepita Jumamosi saba.

Utaniambia nimwite. Nimwite kwa lipi? Wewe ni mtu wa kazi hizi, wajua mambo yalivyo. Fundi akiitwa na kazi yake imekwisha, ana maana moja tu ya kuifahamu: kazi imeharibika, mwenye mali analalamika. Nikituma mtu aseme "Bwana Badawi anakwambia karibu," Kahindi hatalala, atawaza ni breki au ni gia. Na yeye naye hawezi kuja bila kuitwa, maana fundi anayezungukia nyumba ya kazi iliyokwisha watu watasema kuna kitu anakifuata. Basi yeye yuko kwake na adabu yake, mimi niko kwangu na yangu, na katikati kuna motokaa isiyo na kasoro.

Nimejaribu njia za halali. Nimepita Changamwe mara tatu mbele ya karakana yao, polepole kabisa, nikimwomba Mola injini izime mwenyewe kwa qudra yake. Haikuzima. Mara ya tatu Kahindi alitoa kichwa chini ya lori akanipungia mkono, nami kwa kubabaika nikapiga honi, nikaenda zangu. Sasa labda anaona namringia. Jumamosi iliyopita nililegeza nati moja ya rejeta. Nikakaa nayo mkononi kwa muda. Kisha nikaona huo ni uongo uliotengenezwa kwa chuma, nikaikaza tena, na nikaikaza vizuri, kwa sababu alinifundisha. Bi Nadhira alinikuta, akauliza natafuta nini ndani ya mashine iliyo nzima. Nikafunika injini. Hata yeye Jumamosi bado anateleka kahawa ya vikombe viwili, kisha anakiondoa kimoja.

Kwa hiyo, Bwana Mkaguzi, kwa heshima zote naomba mambo haya.

Kwanza, uifute hati yangu na uikatae motokaa. Ukihitaji sababu ya kisheria, nakupa hizi: mlango mmoja ni wa kijani, kiti cha nyuma kimeliwa pembeni na mbuzi, na mwenyewe anaposhika usukani hajui kusema hapana.

Pili, uandike kwamba matengenezo yafanywe na fundi yule yule, kila Jumamosi baada ya alasiri, na yasikamilike kabla ya miaka miwili. Ikitokea yamekamilika mapema, pande zote mbili ziadhibiwe.

Tatu, ikiwa una watu wa kusema nao huko juu, uwaambie. Nasikia uhuru u karibu, na kila anayesimama jukwaani anaahidi kwamba mambo yote yatakamilika: barabara, skuli, mifereji ya maji, yote. Nami nauombea uhuru kila sala. Lakini naomba atajwe mtu mmoja, hata awe karani tu, wa kuhakikisha kwamba katika kila mtaa kimebaki kitu kimoja kisichokamilika, chenye kivuli na mahali pa kukaa watu wawili. La sivyo siku nchi itakapopigiwa muhuri tutapeana mikono, tuseme ahsante, na kila mtu afunge lango lake.

Nisalimie karani wako aliyenipa kiti siku ile, na askari wa langoni aliyeisukuma motokaa hatua tatu bila kuombwa. Wasalimie watu wa nyumbani kwako, wakubwa kwa wadogo, na mama kama yu hai, na kama ametangulia, Mola amrehemu. Bi Nadhira anakusalimu pia, ingawa hajui ninakuandikia nini.

Ni mimi, ninayengoja kukataliwa kwa hamu,
Badawi bin Yeslam

Tanbihi, Jumamosi, 12 Januari. Jana ilikuwa Ijumaa, sikuwahi posta, na ni neema ya Mola. Leo baada ya alasiri nilisikia hodi. Lilikuwa lori la karakana ya Changamwe, na nyuma ya lori imepakiwa motokaa kuukuu kuliko yangu, ya milango minne, haina vioo, haina kifuniko cha injini, na chini ya usukani kuna kiota. Ndani yake amekaa Rispa, mke wa Kahindi, mikono kifuani. Kahindi alishuka akasimama kwenye mlango wangu wa mbao za masanduku, akatazama chini kama mtoto wa chuoni, akasema, "Bwana Badawi, nimenunua gari, na kwangu hakuna uwanja. Pia natafuta mtu wa kunishikia spana vibaya." Aliyekuwa na gari hilo ni mtu wa Miritini, naye badala ya fedha akaichukua baiskeli ya Kahindi. Rispa akasema toka huko huko juu, "Ametoa magurudumu mawili yanayokwenda, ameleta manne yasiyokwenda." Bi Nadhira alitoka, akamtazama kama anayemwona dada yake, akamshika mkono wakaingia ndani. Kahawa ilikuwa ya vikombe vinne.

Kwa hiyo, Bwana Mkaguzi, yote niliyoyaandika juu yachukulie kama hayakuandikwa. Hati yangu usiiguse. Kahindi hana baiskeli, na kila Jumamosi mimi ndimi wa kumfuata Changamwe na kumrudisha, na sina budi nifike kwa wakati. Kama una muhuri wa pili wa kuongeza juu ya ule wa kwanza, nitauleta mlango wa kijani uupige hapo.

Ila ile nyingine, ikiletwa kwako siku yoyote, iwe imeng'aa namna gani, nakuomba uikatae. Milango yake ya nyuma haifunguki kwa ndani, na tumekubaliana iachwe hivyo hivyo. Kombe na Boga wamo ndani sasa hivi.

Na wewe, ukipita Kisauni Jumamosi yoyote, karibu. Hii si ya adabu tu.