Farasi wa Bure

Binamu yangu ndiye mtu pekee ninayemfahamu aliyeng'oa kiti cha mchumba wake kwa sababu za kisayansi.

Naomba nieleweke. Hakukivunja kwa hasira, wala hakukiuza kwa njaa. Alichukua spana, akafungua boliti nne, akakitoa kwenye gari akikibeba kwa mikono miwili na heshima zote, kisha akaandika kwenye daftari: "Kiti cha kushoto. Gharama: bure. Faida: farasi wawili."

Mtaani tunamwita Bwana Farasi. Kazi yake ni kuuza magodoro, kazi ya watu wapole, na mpaka alipolipata lile gari alikuwa mpole vilevile. Gari lenyewe ni la spoti, jekundu, la milango miwili na viti viwili, limekaa chini hivi kwamba ukitaka kuingia inabidi kwanza uage waliosimama. Injini yake ina nguvu ya farasi mia moja na kumi na tano. Binamu alikuwa akiwaambia watu mia mbili na arobaini, na akibanwa anasema hao wengine bado wamelala.

Nusu ya bei ya gari ilikuwa ya mchumba wake, ambaye ni nesi. Huyu dada anasimama wodini saa nane kwa siku, na aliweka akiba miaka miwili kwa sababu moja tu: akitoka kazini, akae. Alinieleza hivyo mwenyewe, na sijawahi kusikia sababu nzuri kuliko hiyo ya kununua gari.

Binamu naye alitaka kuwaamsha farasi waliolala. Akaenda kwa fundi na daftari lake, akachora mistari: kifaa, bei, farasi wanaopatikana, na bei ya kila farasi mmoja. Filta ya hewa, elfu sitini, farasi watatu, kwa hiyo elfu ishirini kila mmoja. Ekzosi ya chuma kisichoshika kutu, laki nne, farasi wanane, elfu hamsini kila mmoja na kelele juu. Kuchezea kompyuta ya injini, laki nne na nusu, farasi kumi na watano, elfu thelathini. Turbo, milioni nne, farasi themanini.

Hapo kwenye turbo macho yalimtoka. Fundi akamtuliza kwamba turbo haiji peke yake. Ikifungwa, giaboksi itaomba kubadilishwa, klachi itaomba, breki zitaomba, na hiyo ni milioni tatu nyingine. Mimi nilimwambia kwamba kwa pesa hizo angenunua farasi wa kweli, wenye miguu, na wangekula majani ya barabarani. Hakucheka. Alinunua filta, akanunua ekzosi, akalipia kompyuta, na akiba yake ikaishia hapo.

Ndipo fundi alipofanya kosa la maisha. Akiwa chini ya gari, bila kufikiri, alisema kwamba gari lina kilo elfu moja mia moja na hamsini, kwa hiyo kila farasi anavuta kilo kumi. Ukipunguza kilo kumi ni kama umeongeza farasi mmoja, na kupunguza hakuna bei.

Binamu alisikia neno "hakuna bei" na hakusikia lingine tena mwaka ule!

Mimi ni karani wa mizani kwenye yadi ya vyuma chakavu. Lori linapanda kwenye sahani likiwa na mzigo, nasoma namba kwenye kioo, linashusha, linapanda tena tupu, nasoma tena. Dereva habanduki kwenye kiti mara zote mbili, ndiyo utaratibu wetu. Mizani yenyewe ni ya malori na inasoma kwa kilo kumi kumi. Binamu alipojua hilo alinitazama kama mtu aliyegundua ana ndugu serikalini. Tangu hapo, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tajiri wangu akienda kula, gari jekundu lilipanda sahani kati ya malori mawili ya mabati.

Mara ya kwanza, naye akiwa ndani, ilisoma elfu moja mia mbili na arobaini. Akaondoa tairi la akiba, jeki, redio na spika zake. Mwezi wa pili ikasoma elfu moja na mia mbili. Alipiga ukelele hadi walinzi wakaja. Mwezi wa tatu akaondoa mazulia, bitana ya paa, na honi, akisema atakuwa anaita kwa mdomo. Farasi wanne wengine. Vitu vyote hivyo alituachia yadini bure, na tajiri wangu akaanza kumwita mteja mwema.

Mwezi wa nne ndipo alipong'oa kiti. Alikwenda kumchukua mchumba wake getini kwa hospitali akiwa na shimo pembeni yake, akamweleza kwa upole kwamba kiti ni farasi wawili, na yeye mwenyewe, kwa kilo zake sitini, ni farasi sita, ukiacha mkoba. Yule dada alilitazama shimo. Kisha akaenda nyumbani kwa miguu, na binamu akamfuata polepole dirisha likiwa wazi, akimsomea daftari.

Niliposikia nilikasirika mpaka nikakosea risiti ya lori zima la shaba.

Mchumba hakugombana. Alimpa mpaka Jumamosi ya mwisho ya mwezi uliofuata. Ama kiti chake kirudi, ama arudishiwe nusu yake ya pesa, na habari za harusi ziishe. Pesa binamu hakuwa nazo, zilikuwa zinanguruma ndani ya ekzosi. Kurudisha kiti nako aliona ni kuua farasi wawili walio hai. Akaamua kumleta mchumba kwenye mizani, aone kwa macho yake jinsi gari lilivyoendelea. Aliamini kabisa kwamba mwanamke akiiona ile namba atalia kwa furaha.

Mwezi huo wa tano alikuwa amejitahidi kuliko miezi yote. Alitoa bitana za milango, akatoa waipa moja kati ya mbili. Hata petroli hakuruhusu izidi robo ya tangi, kwa kuwa nayo ina uzito, na kwa ajili hiyo ilimlazimu kupita kituo cha mafuta asubuhi na jioni. Kituoni pana duka. Kila akisubiri zamu yake ya pampu alikula keki mbili na soda, na zamu zilikuwa ndefu.

Jumamosi ilipofika mchumba alikuja na sare yake ya kazi, amechoka, akasimama kando ya sahani na mkoba wake. Binamu akapanda na gari, akazima injini, akanipa ishara kwa kidole kama rubani.

Mwezi uliopita ilisoma elfu moja mia moja na arobaini. Sasa ikasoma elfu moja mia moja na hamsini.

Binamu aliruka kichwa kikagonga bati la paa, maana bitana hakuna. Akasema mizani yangu ni mbovu. Akasema upepo. Akasema kuna mtu amemfichia vyuma ndani ya matairi, akaniangalia mimi. Nilihofia kibarua changu, kwani tajiri akisikia mteja anaitukana mizani yake, anayeondoka ni karani. Kwa hiyo nikamwambia, kwa mara ya kwanza tangu tuanze ule wendawazimu, ashuke garini asimame pembeni.

Akashuka. Namba ikaanguka kwa kishindo, ikatulia kwenye elfu moja na arobaini.

Mchumba ndiye aliyesogea.

"Wifi, hizo ni kilo ngapi zilizotoka?"

"Mia moja na kumi," nikamjibu.

Akamgeukia binamu. "Mwenzangu, hao ni farasi wangapi?"

Nadhani mtu mwingine angenyamaza. Lakini binamu yangu ni mtu wa hesabu, na mkono ulishafika kwenye daftari. "Kumi na mmoja," akasema.

"Kwa bei gani?"

Akachora mstari, akapekua ekzosi, akapekua filta, akapekua kompyuta. Nilimhurumia, kwa kweli. Daftari zima halikuwa na kitu chenye faida kama kile. "Bure," akasema kwa sauti ndogo.

"Na mimi ni sita."

"Ndiyo, mpenzi."

"Basi nikikaa mimi badala yako, gari linaongeza farasi watano, na hatujatoa hata senti."

Alisubiri aandike. Aliandika! Kisha yule dada akazunguka mbele ya gari, akaketi kwenye kiti pekee kilichobaki, akaweka mkoba palipokuwa na kiti chake, na akashusha pumzi ya miaka miwili.

"Kirudishe kile kiti," akamwambia kupitia dirishani. "Siku kitakaporudi, utakuwa unakikalia wewe. Nitakuwa nakupitia dukani kwako nikitoka kazini."

Akageuza ufunguo. Gari likanguruma, likashuka kwenye sahani, likapita getini, na kabla mlinzi hajainua mkono kuaga lilishakata kona ya barabara kuu.

Binamu alibaki katikati ya sahani ya mizani, daftari mkononi. Nyuma yake lori la mabati lilikuwa likipiga honi. Nilijiandaa kumfariji, hata maneno nilishayapanga.

"Dada," akaniambia, machozi yakimlengalenga, "umeona lilivyochomoka?"

Nilikuwa nimeona. Miezi mitano yote halijawahi kuchomoka vile. Nikamwambia hivyo, kisha nikamwomba ashuke kwenye mizani, maana lori lilikuwa na mzigo wa kulipiwa.