Mashoto wa Wiki Moja

Jumatatu, 3 Machi

Bunduki mpya imefika klabuni. Nimeipokea mimi mwenyewe, maana mimi ndiye mtunza ghala. Kitako cha mti mwekundu, mtutu unang'aa, darubini bado imefungwa karatasi ya kiwandani. Nimeibeba kama mtoto mchanga. Kisha nikatafuta komeo la kupakilia risasi upande wa kulia, nikalikosa. Liko kushoto! Wameitengeneza kwa ajili ya mashoto.

Mwenyekiti wetu ni mkunga mstaafu, na sauti yake haijastaafu. Ametangaza kwamba bunduki hii ni ya mwanachama anayetumia mkono wa kushoto, na atakayekabidhiwa ndiye atakayekuwa wa nne katika timu ya mashindano ya vilabu mwisho wa mwezi. Watu wote wakamgeukia shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Ndiye mashoto pekee tuliye naye. Miaka miwili amepiga shabaha kwa bunduki za watu wa kulia. Kila akimaliza risasi moja, inabidi avushe mkono juu ya darubini kulifikia komeo, kama mtu anayechota mchuzi kwenye sahani ya jirani.

Mimi nimo klabuni miaka ishirini. Timu sijawahi kuingia, hata kwa kubeba maji. Nikasikia mdomo wangu mwenyewe ukisema kwamba na mimi ni mashoto. Nilizaliwa hivyo, mwalimu wa darasa la kwanza akanilazimisha kutumia kulia. Mwenyekiti akanionea huruma, akaamua tushindane Jumamosi. Shemeji aliniangalia tu, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jumanne, 4 Machi

Siku ya kwanza ya kuwa mashoto. Nimenyoa ndevu kwa mkono wa kushoto. Majeraha matatu. Chai nimeimwagia shati. Kazini masjala nimesaini majalada kwa kushoto, mkuu wangu akaniuliza kama nina homa.

Mke wangu aliuliza kulikoni. Nikamweleza mpango wote, maana kumficha yule mama kitu ni kujisumbua. Alicheka mpaka akaegemea mlango. Halafu akaacha kucheka. Akanikumbusha kwamba mdogo wake ameililia nafasi hii miaka miwili, na kwamba yeye mwenyewe alikuwepo siku ya ndoa yetu na aliona nilisaini kwa mkono upi. Nikamwomba asiniumbue. Akasema hataniumbua, hiyo kazi nitaifanya mwenyewe. Jioni nimekuta amehamishia vitu vyote upande wa kushoto: taulo, kikombe, kitasa cha kabati sijui amekigeuzaje. Anajifanya ananisaidia.

Jumatano, 5 Machi

Tumekwenda kwa fundi wa bunduki, mimi na shemeji, kupimwa. Karakana yake ni ndogo, inanuka mafuta na mbao. Mzee yule anampima mtu kama fundi cherehani anayepima suti ya arusi. Akatufafanulia kwamba komeo huwezi kulihamisha, ama bunduki imezaliwa nalo kushoto ama haikuzaliwa nalo. Kitako ndicho kinachorekebishika. Cha mtu wa kulia kimepindishwa kidogo ili jicho lake likae sawa na darubini. Mpe mashoto kitako hicho, atakuwa analifukuza jicho lake mwenyewe. Kwa hiyo kila mmoja wetu atatengenezewa vibao vya kurefusha kitako na kipande cha kuegemeza shavu, vya kufunga na kufungua kwa skrubu. Jumamosi kila mtu atapiga na vyake.

Shemeji alipimwa kwanza. Akaiweka bunduki begani, akalaza shavu, basi. Nilipofika mimi nikaona hapa lazima nionekane mpigaji wa kushoto wa kuzaliwa. Nikatoa kifua, nikanyoosha shingo, kidevu juu, kama picha ya pasipoti. Fundi akaniambia nilegee. Nikamjibu kwamba ndivyo nilivyo. Akaniambia tena nilegee. Nikamjibu tena. Akanibonyeza mfupa wa shavu kwa kidole gumba, akaguna, akaandika vipimo kwenye kikaratasi. Vikaratasi vyote viwili akavitia kwenye kisahani cha bati karibu na dirisha. Nimekiona vizuri kisahani hicho.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimetumia elimu yangu ya masjala. Nilipita karakana wakati fundi ametoka kunywa chai. Kikaratasi cha shemeji: urefu wa kitako, sentimita 33. Tatu ya pili nikaifanya nane. Kalamu rangi ileile, mwandiko uleule, hata mkaguzi mkuu asingegundua. Kwa kitako cha sentimita 38 shemeji atahitaji mkono wa twiga. Kitamponyoka begani, darubini ataiona kwa mbali kama runinga ya jirani.

Nimerudi kazini nikipiga mluzi. Chakula cha mchana nimekula kwa mkono wa kushoto, na nusu yake imefika.

Ijumaa, 7 Machi

Shemeji amekuja nyumbani mchana kumwona dada yake. Nikajitia kusoma gazeti. Akaketi karibu yangu na kusema polepole:

"Shemeji, kama kweli wewe ni mashoto, mimi nitafurahi tukiwa wawili. Nimechoka kuwa peke yangu pale, kila mtu ananiambia nageuza bunduki vibaya."

Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Sisemi uongo humu ndani, iliniuma kweli. Nilifungua mdomo nimwambie yote, pamoja na ile nane. Wakati huohuo akanyoosha mkono wake wa kushoto akachukua kipande cha mwisho cha keki, nilichokuwa nimejiwekea. Nikafunga mdomo.

Jumamosi, 8 Machi

Nitaandika kwa utaratibu, na kwa mkono niliouzoea. Ule wa kulia.

Risasi kumi kila mtu: tano, mapumziko ya chai, tano. Shemeji alianza. Fundi akamfungia vibao vyake. Nilikuwa nimeshajiandaa kusikitika kwa heshima. Kitako kikamkaa begani kama kilichotoka naye tumboni! Nikamsogelea fundi, nikamwuliza kwa mbali kama amefuata vipimo vya kwenye kikaratasi. Akacheka. Miwani yake ilipotea mwaka jana. Anapima kwa vidole na kuvikumbuka, vikaratasi anawaandikia wateja kwa sababu wanapenda kuona kitu kimeandikwa. Shemeji akapata arobaini na tatu kati ya hamsini.

Zamu yangu. Vibao vyangu vimetengenezwa sawasawa kwa yule mtu wa pasipoti. Ikabidi nitoe kifua na kunyoosha shingo vilevile, la sivyo sioni kitu. Wanachama wakanong'onezana. Nikapiga moyo konde, nikafyatua.

Katikati!

Nikadhani risasi ya mwingine imeingia kwenye karatasi yangu. Nikafyatua tena. Ndani ya duara jeusi. Ya tatu, jeusi. Zote tano! Arobaini na nne. Kwa miaka ishirini sijawahi kuvuka thelathini. Shemeji mwenyewe alinipigia makofi, na ya kwake yalikuwa ya kweli. Nilikuwa naongoza, ndugu msomaji wa siri, naongoza kwa haki kabisa, mkono wa kushoto!

Hapo ndipo nilipotakiwa kunywa chai na kunyamaza. Lakini Mwenyekiti akaniomba niwaambie wanachama wapya maneno mawili kuhusu shida za mashoto. Kichwa kikavimba. Nikasimama juu ya benchi. Nikaeleza mateso ya utotoni. Nikatia chumvi kidogo. Nikafika kwenye maganda ya risasi: jinsi kwa miaka ishirini, nikilala kwenye mstari wangu wa nne, kila nikivuta komeo, ganda la moto lilivyoruka na kuniunguza shingo. Nikaishika shingo kwa uchungu. Mama mmoja wa mstari wa nyuma alitoa kitambaa.

Fundi akainua mkono, akauliza kwa upole kabisa:

"Lakini wewe miaka yote umepigia bega la kulia. Maganda ya bunduki zetu huruka kulia, yanakwenda mbali na wewe. Yanamfikia aliyelala mstari wa tano."

Watu wakageuka kuangalia nani hulala mstari wa tano. Shemeji akashusha kola ya shati. Vialama vinne vidogo vyeusi, shingoni. Vyangu vyote. Hakuwahi kulalamika hata siku moja.

Mwenyekiti akaniambia nishuke kwenye benchi. Nikashuka. Akaniuliza nilizaliwa na mkono upi, kwa sauti ile ambayo wanawake wa mji mzima wamejifungua kwa kuisikia. Nikainua wa kulia. Mke wangu alikuwa amekaa mbele kabisa, ameshika mfuko wa njugu. Hakushangaa.

Nimeondolewa kwenye shindano. Bunduki amekabidhiwa shemeji, na nafasi ya nne pamoja nayo. Mimi nitasugua mitutu yote ya klabu kwa mwezi mzima. Nimeumbuka mbele ya watu thelathini na sita na mbwa wa mlinzi.

Jumapili, 9 Machi

Nimemwomba shemeji radhi, na ile nane nimeitaja. Amecheka, akasema nilipaswa kuona nilivyonyoosha shingo. Akaongeza kwamba bunduki ile ni tamu mno, jana jioni alifyatua bila kuvusha mkono akakaribia kutoa machozi. Nilifurahi kwa ajili yake. Nilijishangaa.

Nilipokwenda kurudisha vibao, fundi alinikalisha kwenye kiti. Akanipa kadi yenye tundu dogo katikati, akaniambia niishike kwa mikono yote miwili niangalie pua yake kupitia tunduni, kisha niivute kadi polepole mpaka usoni. Kadi ikaja ikatua kwenye jicho la kushoto. Mara tatu, jicho la kushoto.

Akanieleza kwamba jicho langu kuu ni hilo. Miaka ishirini nimelenga kwa jicho dhaifu, ndiyo maana risasi zangu zilikuwa zinatalii. "Ulidanganya mkono," alisema, "lakini jicho lilikuwa linasema kweli, nawe ukauachia mdomo uliharibie." Dawa yake ni rahisi: nichukue bunduki kuukuu ya klabu, yeye atanirekebishia kitako, nihamie bega la kushoto, jicho la kulia nilifunike kwa kitambaa cheusi, nianze na shabaha ya karibu. Miezi mitatu ya uvumilivu, na mwakani naweza kuingia timu bila kumdanganya mtu. Kitambaa amenipa mwenyewe.

Nimetoka pale machozi yakinilengalenga. Nimeapa. Hila basi. Maisha mapya.

Jumanne, 11 Machi

Nimesikia kwamba timu inahitaji mchezaji wa akiba. Anachagua Mwenyekiti. Na Mwenyekiti, kwa ukunga wake wote ule, akimwona mgonjwa anayevumilia moyo wake huyeyuka.

Basi tangu asubuhi navaa kitambaa cha jicho. Nimeanzia kazini, kwa majaribio. Mkuu wangu amenihamishia meza ya dirishani, mhudumu ameniletea chai mbili. Jicho gani, wameniuliza. Nikashusha pumzi tu. Nimegonga milango miwili na mtu mmoja, lakini huruma inapanda saa hadi saa. Kesho naanza nacho klabuni.

Mke wangu ameniangalia sana mezani. Amesema anakumbuka vizuri nilivyomsimulia kwamba fundi aliagiza lifunikwe jicho la kulia, sasa mbona nimelifunika la kushoto. Nimemweleza kwa subira kwamba la kushoto ndilo zuri. Mashindano yamebaki wiki mbili na nusu, na sitaki lichoke kabla ya siku yenyewe.