Mkalimani wa Ukuta wa Takaungu

Ndugu zangu wa Muyeye, leo nimeaibika mbele za watu, nami nawaandikia kabla hamjaisikia kwa mwengine.

Mnajua afisi ilinituma Takaungu niwakutanishe watu wawili. Mmoja ni Dakta, mama mtafiti kutoka ng'ambo, aliyekuja na kimashine cha kupima unyevu wa kuta. Wa pili ni Fundi Athmani, anayetengeneza majumba ya kale kwa chokaa. Nyumba yenyewe ni ya mamake, Bi Zena, na nakshi za ukutani alizichonga babu wa huyo fundi. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri tu. (Kiingereza changu mnakijua. Nilikivalia na tai.)

Asubuhi Dakta alichomeka sindano za kimashine chini ya vidaka, vile vishubaka vya kuwekea vyombo. Ukuta mkavu. Akaandika, akafurahi.

Fundi yeye aligonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, akagonga tena. Akaniambia plasta imeachana na jiwe, nyuma yake mna uwazi, isiguswe kabisa mpaka aijaze chokaa laini.

Dakta akauliza fundi anasemaje.

Niliona haya. Nimwambie msomi kwamba sisi tunapima nyumba kwa kuibishia hodi? Nikamjibu, "Anasema karibu Takaungu."

Dakta akatabasamu. Fundi akanitazama kidogo, akarudi kugonga.

Kabla ya saa sita wakaja wakubwa wa afisi kutoka Kilifi. Mmoja akauliza kama ukuta ni mzima. Ilinipasa ningoje Dakta ajibu. Sikungoja. Nilisogea mbele na tai yangu, nikaupiga ukuta kofi kama mtu anayempiga rafiki mgongoni, nikasema, "Mkavu huu, bwana. Mashine imethibitisha."

Kwanza lilishuka vumbi. Halafu kidaka kimoja. Halafu safu nzima, na nakshi zake zote, mpaka miguuni pangu. Hakuumia mtu.

Bi Zena aliinuka kitini, akainama, akaanza kuokota vipande na kuvitia katika pindo la leso yake. Nilimwomba radhi. Aliendelea kuokota. Alikuwa akitafuta vipande vinavyooana.

Dakta, mweupe kwa chokaa, akataka kujua asubuhi fundi alisema nini hasa. Kabla sijafungua mdomo, Fundi Athmani akamweleza mwenyewe, kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko changu. (Kumbe alifanya kazi melini miaka mingi. Mimi sikuwahi kumuuliza.)

"Mbona hukunieleza pale pale?" Dakta akamuuliza.

"Sikutaka kumvunjia heshima kijana mbele yako. Nilipanga nikueleze tukinywa chai."

Chai ilikuwa bado jikoni.

Dakta hakunifokea. Alisema tu kwamba kimashine chake huuliza habari za maji, na jibu kilitoa. Habari za uwazi kingeulizwa chombo kingine, anacho hotelini Malindi, lau mtu angemwambia.

Sasa wameketi sakafuni wawili hao. Fundi anagonga kilichobaki, Dakta anachora alama anapoonyeshwa, na wanaelewana vizuri bila mimi. Nakshi za babu hazitarudi zilivyokuwa, hilo wamekubaliana.

Mimi nimepewa chekecheke na rundo la kifusi, nitafute hata kipande cha ukubwa wa ukucha. Jumamosi narudi nyumbani. Mwenye kucheka, tafadhali amalize Ijumaa.